"Nani Mwenzangu?": Adabu ya Simu katika Kiswahili na Ufundishaji wa Kiingereza cha Biashara katika Mazingira ya Akheri, Arusha

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha adabu ya mazungumzo ya simu katika Kiswahili na katika Kiingereza cha biashara, kwa kuzingatia mazingira ya Akheri na viunga vingine vya Arusha. Huko kijana huweza kulelewa kwa Kimeru, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na hatimaye akatakiwa kazini kupokea simu kwa Kiingereza. Inadaiwa kwamba mengi ya makosa yanayomponza mfanyakazi wa namna hiyo hayatokani na utovu wa adabu wala na uchache wa msamiati. Yanatokana na kuhamisha adabu kamili ya lugha moja na kuipeleka katika lugha nyingine ambayo huweka adabu yake mahali pengine. Kiswahili huonyesha adabu kwa kumsogeza msikilizaji karibu. Kiingereza cha biashara huionyesha kwa kumwachia nafasi. Makala yanapendekeza kwamba somo la simu lianzie katika Kiswahili, na kwamba idara za Kiswahili zina wajibu katika somo hilo.

1.0 Utangulizi

Akheri ni kata iliyo kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Meru, jirani na Tengeru na barabara kuu iendayo Moshi. Ni nchi ya migomba na kahawa. Lugha ya nyumbani kwa wenyeji wengi ni Kimeru, lugha ya Kibantu iliyo karibu na lahaja za Kichaga. Lugha ya soko la Tengeru, ya shule ya msingi na ya ofisi ya kata ni Kiswahili. Lakini kijana anayeshuka asubuhi kwenda kazini mjini, au katika mashamba ya maua na mboga yanayouza mazao yake ng'ambo, hukutana na lugha ya tatu mara tu simu ya ofisini inapolia.

Sababu za hali hiyo zinafahamika. Arusha ni mlango wa kuingilia Serengeti, Ngorongoro, Manyara na Tarangire, na kwa hiyo ni mji wa kampuni za utalii. Ulikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967 hadi 1977, na ni makao makuu ya Jumuiya ya sasa, ambayo mkataba wake ulitiwa saini mjini humo tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika mwaka 2000. Ibara ya 137 ya mkataba huo iliteua Kiingereza kuwa lugha rasmi na kuagiza Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya mawasiliano mapana. Tangu 1995 hadi 2015 Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa Rwanda nayo ilifanya kazi zake Arusha kwa Kiingereza na Kifaransa. Hapana budi, basi, Kiingereza cha simu kihesabiwe miongoni mwa stadi za kujipatia riziki katika eneo hili.

Ni muhimu kutambua kwamba mwanafunzi wa leo si mgeni wa simu. Katika miaka ya 1980 simu ilikuwa chombo cha ofisi na cha watu wachache, na mwalimu aliweza kudhani kwamba anafundisha jambo jipya kabisa. Sheria ya mwaka 1993 ililivunja shirika la posta na simu, na kampuni ya simu ikaanza kujitegemea mwaka 1994. Mwaka huohuo huduma ya simu za mkononi ilianza nchini, na baada ya mwaka 2000 ikaenea hadi vijijini. Kijana wa Akheri amekua akisikia simu zikipigwa na kupokewa nyumbani, sokoni na shambani. Anapofika darasani anao tayari utamaduni mzima wa simu, nao ni utamaduni wa Kiswahili. Swali linalojadiliwa hapa ni nini kinautokea utamaduni huo unapovishwa maneno ya Kiingereza.

Mifano yote ya mazungumzo katika makala haya imetungwa kwa ajili ya kubainisha hoja. Haikunukuliwa kutoka ofisi yoyote.

2.0 Misingi ya Kinadharia

2.1 Simu kama wito na itiko

Schegloff (1968), katika uchambuzi wake wa miingilio ya mazungumzo ya simu nchini Marekani, alionyesha kwamba mlio wa simu ni wito, na neno la kwanza la anayepokea ni itiko. Maelezo hayo yanaweza kufafanuliwa vyema zaidi kwa mila ya hodi. Mgeni afikapo mlangoni hupiga hodi; mwenyeji huitika karibu, au huuliza kwanza ni nani. Hata hivyo, hodi na mlio wa simu vinatofautiana katika jambo moja kubwa. Hodi hubeba sauti ya mgeni. Kwa sauti hiyo mwenyeji aweza kujua kama aliye nje ni mwanamume au mwanamke, kijana au mzee, jirani au mgeni. Mlio wa simu haubebi lolote kati ya hayo. Ni hodi isiyo na mwenyewe.

Kila jamii iliyopokea simu imelazimika kuziba pengo hilo kwa njia yake. Godard (1977) alieleza kwamba wapigaji wa Kifaransa walitarajiwa kuhakikisha namba, kujitaja na kuomba radhi kwa usumbufu, ilhali Wamarekani hawakuona haja hiyo. Sifianou (1989) alilinganisha Uingereza na Ugiriki na kuhusisha tofauti za simu na tofauti pana za adabu katika jamii hizo mbili. Chombo ni kimoja, bali adabu zake ni nyingi.

2.2 Uso, adabu na heshima

Brown na Levinson (1987) wamejenga nadharia yao ya adabu juu ya dhana ya uso. Kwa mujibu wao, kila mtu ana haja mbili: haja ya kukubaliwa na wenzake, na haja ya kuachwa huru asiingiliwe. Adabu inayotimiza haja ya kwanza humwambia msikilizaji kuwa ni mmoja wetu. Inayotimiza haja ya pili humwambia kuwa hatumlazimishi.

Nadharia hii imekosolewa kwa kumtazama mtu kama kisiwa. Ide (1989), akitumia mifano ya Kijapani, alisisitiza kwamba katika jamii nyingine adabu ni kutambua mahali pa kila mtu na kusema inavyopasa, wala si hila ya msemaji mmoja. Kwa upande wa Kiswahili, kazi za Yahya-Othman (1994, 1995) kuhusu adabu na maamkizi zimeonyesha uzito wa jamii inayomzunguka msemaji: kutosalimu si upungufu mdogo wa mazungumzo, bali ni tendo linalotafsiriwa. Pamoja na ukosoaji huo, mgawanyo wa haja mbili za uso unafaa kwa madhumuni ya makala haya, kwa kuwa unasaidia kueleza kwa nini mtu mwenye adabu katika lugha moja aonekane mkali katika nyingine.

3.0 Mahali pa Adabu katika Lugha Mbili

3.1 Kumtambua anayepiga

Mazungumzo yafuatayo ni ya kawaida:

(1) A: Haloo.
B: Haloo, habari za saa hizi?
A: Nzuri. Nani mwenzangu?
B: Ni mimi, mama yake Upendo, napiga kutoka Tengeru.
A: Oo, mama! Shikamoo.
B: Marahaba, mwanangu. Hujambo?
A: Sijambo, mama. Nikusaidie nini?

Swali "Nani mwenzangu?" linastahili kuchunguzwa. Kwanza, limemwita mtu asiyejulikana kuwa ni mwenza kabla jina lake halijatajwa. Pili, na hili ndilo la msingi, swali hili ni sharti la adabu inayofuata. Msemaji wa Kiswahili hawezi kuchagua kati ya shikamoo, hujambo na mambo, wala kati ya mama, dada na mzee, mpaka ajue anaongea na nani. Katika mfano (1) A aliuliza ili apate kuamkia. Kutouliza kungemfanya amsalimu mkubwa kama mdogo wake, na hilo ndilo lingekuwa kosa.

Mfanyakazi mpya anapoihamisha hatua hiyo katika Kiingereza, neno "mwenzangu" halina pa kukaa, na kinachobaki ni "Who are you?". Kisarufi sentensi hii haina kosa. Lakini kwa msikilizaji wa Kiingereza ni swali la mlinzi getini, kwani katika lugha hiyo kumwuliza mtu jina hakufungui njia ya kumwamkia. Kunafungua njia ya kuamua kama apitishwe au azuiwe. Kwa sababu hiyo Kiingereza cha biashara hulilainisha: "May I ask who's calling, please?". Usemi huu unaomba ruhusa ya kuuliza, na unamtaja mpigaji kama mtu wa tatu, yule anayepiga, ili nafsi ya pili isiguswe. Kiswahili kimemvuta mgeni ndani kwa kumwita mwenza. Kiingereza kimerudi hatua moja nyuma ili asibanwe. Swali ni lilelile, lakini kazi yake ni tofauti.

3.2 Maamkizi

Katika Kiswahili maamkizi ni sehemu ya shughuli yenyewe. Mpigaji anayeingia moja kwa moja katika haja yake huonekana amemtumia mwenziwe kama chombo. Kwa kuwa katika simu anayepiga ndiye anayelipa, maamkizi hufupishwa, lakini ni nadra yaachwe kabisa.

Katika Kiingereza cha biashara sehemu hiyo huwa fupi mno. Anayepokea husalimu mara moja, hutaja ofisi na jina lake, kisha hutoa nafasi ya haja kuelezwa: "Good morning, reservations, how can I help you?". Kutaja jina la ofisi mapema ndiko kunakochukua nafasi ya ukarimu, kwa maana kunampa mpigaji uhakika kwamba hakukosea namba na kwamba muda wake unathaminiwa.

Hapa madhara huenda pande zote mbili. Mfanyakazi wa Arusha anayeuliza habari za kazi, za familia na za safari kabla ya kusikiliza haja aweza kudhaniwa kuwa anapoteza muda. Vivyo hivyo, wakala wa Ulaya anayeanza kwa "I need two rooms" bila salamu huweza kumwachia aliyepokea simu uchungu wa siku nzima. Mwanafunzi afundishwe kwamba mtu huyo hakumdharau. Ametumia adabu ya kwao, ambayo ni kutomchelewesha mwenziwe.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Kiingereza kinachosikika katika simu za Arusha ni kile cha London tu. Simu nyingi hutoka Nairobi, Kampala au Kigali, na wapigaji wake, ingawa wanasema Kiingereza, wengi huja na desturi za Kiafrika za kujuliana hali. Kwao, kukata maamkizi kwa haraka kunaweza kuwa ndiyo kosa. Kwa hiyo mwanafunzi hahitaji kanuni moja. Anahitaji sikio la kupima nani anapiga.

3.3 Ombi

Kiswahili huweka adabu ya ombi katika kitenzi chenyewe na katika maneno ya udugu. "Naomba kuongea na meneja" inatosha, kwa kuwa kuomba ni kujishusha. "Subiri kidogo, dada" nayo inatosha: "kidogo" imepunguza mzigo, na "dada" limeleta ujamaa. Dhamira tegemezi yenye kiishio -e, kama katika "nisaidie", hupunguza makali ya amri. Neno "tafadhali" halihitajiki kila mara.

Vyombo hivyo vyote hupotea njiani katika tafsiri. "Sister" haliwezi kutumika kwa mteja wa Kiingereza. "Wait a little" ni amri. Mwanafunzi hujaribu kuokoa hali kwa kuongeza "please", lakini "Wait, please" hubaki kuwa amri iliyofungwa utepe. Adabu ya ombi katika Kiingereza cha biashara imo katika umbo la swali na katika vitenzi visaidizi: "Could you hold the line for a moment, please?".

Kikwazo kikubwa hapa kinatokana na namna sarufi ilivyofundishwa. Mwanafunzi amekaririshwa kwamba "could" ni wakati uliopita wa "can", na "would" ni wakati uliopita wa "will". Anasita kutumia wakati uliopita kwa jambo la sasa. Mwalimu wa Kiswahili ana daraja lililo tayari, nalo ni -nge-. Msemaji anayesema "ningependa kuongea na mhasibu" hazungumzii wakati uliopita wala hana shaka kama anapenda. Ameusogeza utashi wake mbali kidogo ili msikilizaji aweze kukataa bila aibu. Kazi ya "would" na "could" katika ombi ni hiyo hiyo. Mwanafunzi akionyeshwa kwamba anacho kifaa hicho tangu zamani, hatakikariri kama jambo geni.

3.4 Pole na samahani

Kiswahili hutofautisha pole na samahani. Pole humpa mtu faraja kwa lililompata, hata kama msemaji hana hatia; samahani hukiri kosa au usumbufu. Kiingereza kinaweza kutumia "sorry" kwa yote mawili. Ichukuliwe kwamba mteja anapiga simu kueleza kuwa begi lake halikufika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Mfanyakazi anataka kusema pole, naye anasema "Sorry". Mteja anaweza kusikia kwamba ofisi imekubali kosa, na papo hapo akauliza fidia. Upande mwingine, pale ofisi ilipokosea kweli, "Sorry" tupu huonekana hafifu. Mwanafunzi afundishwe kutenganisha kwa sentensi kamili: "I'm sorry to hear that" kwa pole, na "I apologise for the mistake" kwa samahani.

3.5 Kuacha simu na kuifunga

Anayeondoka kwa muda mfupi husema kwa Kiswahili "nakuja", maana yake ni kwamba atarudi. Tafsiri yake, "I'm coming", humwacha mpigaji wa ng'ambo akijiuliza ni nani anayekuja na wapi. Kadhalika, "hayupo" inapogeuka "He is not there" hufunga mlango bila kuonyesha mwingine. Katika Kiswahili neno hilo kwa kawaida hufuatwa na maelezo kama "ametoka kidogo, nimwambie nani amempigia?", na maelezo hayo ndiyo adabu yake. Mfanyakazi mwenye msamiati mchache huhamisha neno la kwanza na kuyaacha yanayofuata, si kwa ukali bali kwa kuishiwa.

4.0 Ufanisi: Pale Ujumbe Unapopotea

Adabu bila ufanisi haitoshi. Yapo maeneo manne ambamo ujumbe wa simu huharibika kati ya lugha hizi mbili, na hasara yake huwa ya fedha.

La kwanza ni saa. Hesabu ya saa ya Kiswahili huanza na mapambazuko, ile ya Kiingereza huanza na usiku wa manane na adhuhuri. Mteja aliyesema achukuliwe "nine in the morning" anakusudia saa tatu. Mpokeaji akiandika tisa na kumpelekea dereva maagizo kwa Kiswahili, gari litafika saa tisa alasiri. Njia salama ni kuandika kwa tarakimu za saa ishirini na nne, yaani 09:00, na kumsomea kila mmoja kwa hesabu ya lugha yake.

La pili ni herufi. Majina ya wageni hutajwa herufi kwa herufi. Herufi E katika Kiingereza hutamkwa kama i ya Kiswahili, na herufi A hutamkwa karibu na e. Anayeandika kwa sikio la Kiswahili ataandika I palipotajwa E, na E palipotajwa A, kisha jina la kwenye tiketi halitalingana na la kwenye pasipoti. Alfabeti ya simu inayotumiwa na mashirika ya ndege, ambayo herufi A huitwa Alfa na B huitwa Bravo, ilianza kutumika rasmi kimataifa katika usafiri wa anga mwaka 1956 kwa sababu ya matatizo ya namna hii. Ifundishwe darasani tangu juma la kwanza.

La tatu ni jibu la swali la kukanusha. Akiulizwa "Hamjapokea malipo?", Mswahili hujibu "Ndiyo, hatujapokea", akiafiki kauli ya muulizaji. Mwingereza hujibu "No", akiufuata ukweli wa jambo lenyewe. Mfanyakazi akijibu "Yes" na kunyamaza, mteja ataamini kwamba fedha zimefika. Dawa yake ni kuepuka neno moja na kujibu kwa sentensi nzima.

La nne ni kuona haya kuuliza tena. Kumtaka mkubwa arudie maneno yake si jambo jepesi kwa kijana aliyelelewa kusikiliza. Katika simu haya hiyo huzaa "yes" nyingi kwa mambo yasiyosikika. Kuuliza si ujinga, na katika Kiingereza cha biashara kurudia ujumbe mbele ya aliyeutoa huhesabiwa kuwa ni uangalifu. Mwanafunzi apewe namna ya kuuliza isiyomshusha yeye wala mwenziwe. "What?" ni kali kama "Nini?" ilivyo kali katika Kiswahili, "Samahani, sikukusikia vizuri" inayo ndugu yake, "I'm sorry, I didn't catch that".

5.0 Mapendekezo ya Ufundishaji

Vitabu vingi vya Kiingereza cha biashara hutoa orodha za misemo ya simu. Orodha hizo zina manufaa, lakini mwanafunzi aliyekariri misemo hamsini bado hukwama pale mpigaji anaposema lisilo katika orodha, kwa kuwa hajui kila usemi unafanya kazi gani. Kwa hiyo inapendekezwa utaratibu ufuatao.

(i) Somo lianze kwa simu ya Kiswahili. Wanafunzi waigize simu ya kawaida, kisha waeleze kila usemi umefanya nini: umeita, umeitika, umetambua, umeamkia, umeomba, umefariji, umefunga.

(ii) Kazi hizo hizo zitafutwe katika simu ya Kiingereza. Wanafunzi wabaini kipi kimefupishwa, kipi kimehamia mahali pengine, na kipi hakipo.

(iii) Mazoezi yafanywe wanafunzi wakiwa wamepeana migongo. Anayeona uso wa mwenziwe hutegemea tabasamu na mikono. Katika simu vyote hivyo havipo, na sauti peke yake hubeba adabu yote.

(iv) Wapigaji wabadilishwe: wakala wa Ulaya mwenye haraka, ofisa wa Kampala anayependa kujuliana hali, mteja mwenye hasira, mzee wa Akheri anayeulizia malipo ya kahawa kwa Kiswahili. Mwanafunzi ajizoeze kuhama kutoka adabu moja kwenda nyingine katika asubuhi moja, maana ndivyo kazi ilivyo.

(v) Upimaji uzingatie kama ujumbe umefika. Jina, namba, saa, haja na ahadi vikiwa sahihi katika karatasi, na mpigaji akiwa hakuvunjiwa heshima, kosa dogo la kiambishi lisimwangushe mwanafunzi.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili na Kiingereza cha biashara havitofautiani kwa wingi wa adabu, bali kwa mahali zinapoiweka. Kiswahili huiweka katika maamkizi, katika maneno ya udugu na katika kumjua mtu kabla ya kumhudumia. Kiingereza cha biashara huiweka katika umbo la ombi, katika kujitaja mapema na katika kutombana msikilizaji. Anayehamisha maneno bila kuhamisha kazi zake hupoteza adabu zote mbili.

Jambo hili si dogo kwa anayehusika. Kosa la kisarufi husamehewa kwa urahisi, kwa sababu msikilizaji hulitambua kuwa ni la mgeni wa lugha. Kosa la adabu halitambuliwi hivyo; huhesabiwa kuwa ni tabia. Kijana aliyefundishwa na wazazi wake kumwita mgeni mwenza huambiwa kazini kwamba hana adabu, naye huelewa kwamba ni malezi yake yaliyohukumiwa. Mwalimu anayemwambia kuwa Kiswahili chake ndicho kinachomharibia anaongeza jeraha juu ya jeraha, na zaidi ya hayo anakosea kitaaluma.

Kwa kuwa chanzo cha tatizo kimo katika Kiswahili, na dawa yake pia kwa kiasi kikubwa imo humo, somo la simu haliwezi kuachiwa walimu wa Kiingereza peke yao. Uchambuzi wa "mwenzangu", wa -nge-, wa pole na wa saa ni kazi ya wanaisimu wa Kiswahili. Utafiti wa uwandani unaorekodi simu halisi, kwa idhini ya wahusika, katika ofisi za Arusha na katika nyumba za Akheri, utafaa kupima madai yaliyotolewa hapa, na hasa kuchunguza nafasi ya Kimeru, ambayo makala haya hayakuigusa. Simu za mkononi, ambazo huonyesha jina la mpigaji kabla ya kupokewa, nazo zinaanza kuliondoa swali "Nani mwenzangu?" katika mazungumzo ya nyumbani. Katika simu ya ofisi, ambako hodi bado haina mwenyewe, swali hilo lingali na kazi.